Ijumaa Niliyopima Mahindi Nikiwa na Kanzu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaniitikia, lakini kukaa kimya mbele yako sijawahi kuweza.

Unakumbuka mwaka ule niliporudi Mkonze na kisanduku cha kupimia mimea, cha mradi wa kilimo? Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja wenyewe na malori kununua mahindi, na nusu ya kijiji ikaacha mtama. Wewe ulicheka tu, ukapanda mahindi kipande kidogo na mtama kwingine kote. Kazi yangu ilikuwa kupima mwanga unaorudishwa na majani, pamoja na ule tusiouona kwa macho, maana mmea ukishikwa na kiu mwanga huo hubadilika kabla jani halijaanza kujikunja. Tulifundishwa kupima saa sita, jua likiwa utosini, tukiwa na nguo za rangi nzito. Hilo la nguo niliona ni mbwembwe za wakufunzi.

Ijumaa moja, nikielekea msikitini, nilipita kwa jirani yetu Mzee Omari nikapima mahindi yake, kanzu yangu nyeupe pee. Namba zikatoka mbaya. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba hayatazaa, afadhali awakatie ng'ombe yangali mabichi. Akakata yote.

Ijumaa iliyofuata, tena njiani kwenda msikitini, nikapima ya kwako, niliyokuwa nimeyapima jana yake. Namba mbaya tena. Wewe, ambaye hukusoma zaidi ya msahafu, ulisimama mikono kiunoni.

"Jana ulisema yangu mazima. Leo yanakufa?"

"Ndivyo kinavyosema, shangazi."

"Kanzu yako inamulika majani. Hebu ivue."

Nikabaki na suruali nyeusi na fulana ya kijivu, nikapima upya. Mazima kabisa. Siku hizi napokea picha za satelaiti mezani, na bado sijakutana na jicho kama lako.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Omari na mahindi yake aliyoyakata bure. Nikasema nitamweleza Jumatatu. Hukunigombeza. Ulijitanda khanga, ukasema, "Twende sasa hivi." Tulipofika ulikaa pembeni, ukaniacha niseme mwenyewe. Mzee alilitazama shamba lake tupu, kisha akasema tu, "Ng'ombe wameshakula, mwanangu." Aibu ile haijaniisha.

Nikarudi kazini mjini. Kila nilipokuja likizo, Mzee Omari alinishika mkono kwa heshima ambayo sikuielewa. Nikadhani ni moyo wake mkubwa.

Siku tulipokuzika ndipo aliponieleza. Kila mwezi, mpaka mavuno yaliyofuata, ulimpelekea debe la mtama kutoka ghalani kwako. Ulimwambia nimeutuma mimi.

Nimekupenda tangu utotoni, shangazi, lakini siku ile nilikustaajabia. Wewe uliyenikokota nikaseme ukweli ndiwe uliyekwenda kunisemea uongo, ili nipite kijijini bila kuinamisha kichwa. Mzee alikuwa bado ananishukuru, mkono wangu ameushika kwa mikono yake miwili, na ingekuwa rahisi kuitikia na kunyamaza. Nilimwambia palepale, udongo wako ukiwa bado mbichi, kwamba mimi sikutuma hata punje moja. Hakuna aliyenikokota.

Pumzika kwa amani.

Mimi, mtoto wa kaka yako uliyemlea