Bwana Lebo na Vitabu vya Walioongoka

Baba yetu, mwaka umezunguka tangu Jumanne ile ulipotuaga asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Mama alikuwa amekushika mkono. Shangazi, dada yako mdogo, alikuwa anakusomea kwa sauti ya chini. Alifika mwisho wa aya, akainua macho, akaona umekwenda. Hakupiga kelele. Alifunga kitabu akasema, "Kaka amepumzika."

Mimi binti yako wa kwanza ndiye niliyepewa kalamu kwa niaba ya wote. Wewe ulichukia maneno ya kupamba, kwa hiyo nitajaribu kuyasema mambo kama yalivyokuwa.

Ulikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Walimu wa sayansi walikuja na kuhama. Wewe ulibaki na mirija yako ya vioo, mizani ya shaba na koti jeupe lililotobolewa na asidi kwenye mfuko wa kushoto. Mwanafunzi akivunja chupa, swali lako lilikuwa moja tu: "Umejikata?" La pili halikuwepo. Kila kitu kilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa mkono wako, ndiyo maana wakakubandika jina la Bwana Lebo. Hata nyumbani hatukupona. Kopo la chumvi uliliandika "CHUMVI, SI SUKARI." Mama akakuuliza, "Na mimi utanibandika lini?" Ukamjibu, "Hatari inayojulikana na wote haihitaji lebo." Alicheka hadi akaketi.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni rafu ile ya sebuleni. Vitabu vya hapo, sitini na kitu, vilikuwa vya aina moja: watu wakisimulia maisha yao na jinsi walivyokuja kuwa Wakristo. Mwanajeshi, mkunga, mwizi wa ng'ombe aliyeacha wizi, mwalimu wa hesabu aliyebisha miaka ishirini. Na wewe mwenyewe hukuwa Mkristo, wala sisi nyumbani hatukuwa. Jirani yetu mwashi, mzee wa kanisa, kila akipita alichungulia dirishani na kumnong'oneza Mama, "Shemeji, samaki amekaribia wavu." Ndugu wa upande wetu nao walikuna vichwa. Wote uliwapa jibu moja: "Kusoma si kuhama."

Nyuma ya kila kitabu ulibandika lebo. "Huyu namwamini." "Huyu anatia chumvi kuanzia ukurasa wa arobaini." "Huyu amesahau kumtaja mama yake." Wageni walizisoma wakacheka. Wengi hawakujua kwamba ulianza kuvisoma kwa sababu ya maumivu.

Ulitueleza mwenyewe tulipokuwa wakubwa, na ukatuachia ruhusa ya kuyasema. Babu alipofariki, ulibaki kichwa cha nyumba ukiwa kijana wa miaka ishirini na minane. Mwaka uliofuata Shangazi akaja kukuambia kwamba amemwamini Kristo na atabatizwa Jumapili. Ulimsikiliza hadi mwisho. Kisha ukamwambia, "Ukienda huko, usinihesabu tena kuwa kaka yako." Akaenda. Mkakaa mji mmoja miaka kumi na mmoja bila hata salamu.

Katika mwaka wa tisa, mwalimu wa kemia alihamishwa, akaacha sanduku la vitabu kwenye kabati la maabara. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba, kumbukumbu za mwanamke mmoja, karani wa posta, aliyeongoka akiwa mtu mzima. Ulikifungua ili ujue ukibandike lebo gani. Ukakuta sura kuhusu kaka yake. Aliandika: "Kaka yangu hakunichukia. Aliogopa watu watasema nini, na hofu hiyo akaiita imani." Kengele ikalia, kidato cha pili wakajipanga mlangoni, nawe umesimama na kitabu mkononi, huoni hata mtu. Ilibidi mwalimu wao awarudishe darasani.

Tangu siku hiyo ukaanza kuvitafuta, kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara na kwenye minada ya makanisa. Hukuanza mwanzo kama watu wengine. Ulipekua kwanza uone habari za walioachwa nyumbani: kaka, baba, mama. Ulimwambia Mama, "Hawa wote wanaandika habari za Mungu waliyempata. Mimi natafuta walichoandika juu ya watu waliowapoteza."

Mama alivumilia hadi kitabu cha kumi na tisa. Mchana mmoja alikuondolea kitabu mkononi.

"Baba watoto, unatafuta nini humu?"

"Nataka kujua ananiwazia nini."

"Nani?"

Ukanyoosha mkono ukitaka kitabu chako.

"Dada yako hayumo kwenye kurasa hizi," Mama akasema. "Yuko hai. Anashona mashuka ya hospitali, jengo lile la nyuma ya soko, na anakaa hapo hapo jirani. Kamuulize mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata ulinichukua, nikiwa na miaka kumi. Nadhani ulinichukua ili usigeuke njiani. Tulimkuta Shangazi uani kwake anakamua nguo, povu hadi viwikoni. Alikutazama, lakini hakuacha kukamua.

"Nimekuja," ukasema.

"Nakuona."

"Nilikosea, dada yangu."

"Umekuja kunirudisha?"

"Hapana. Nimekuja kurudi mimi."

Nilidhani hapo mtakumbatiana. Wapi! Shangazi aliiweka nguo kwenye beseni, akafuta mikono taratibu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Niliolewa, hukuja. Nilizaa, hukuja. Mtoto akaishi miezi saba. Siku ya kumzika, kaka, niligeuka nyuma mara tatu nione kama umesimama mwisho wa watu. Hukuja."

Hukuwa unajua hata kwamba alizaa. Ulikaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye maji, suruali ikaloa. Ulilia kwa sauti, Baba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuona unalia. Kisha ukauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Akakutajia. Ukamwomba akupeleke.

Makaburini kulikuwa na kibao cha mti, rangi imebanduka, herufi hazisomeki. Wiki nzima iliyofuata ulibaki maabara baada ya kazi ukichonga bamba la shaba, herufi moja moja, kwa patasi ndogo. Uliandika jina la mtoto na tarehe zake. Chini yake ukaongeza maneno mawili ambayo Shangazi hakuwa ameyaomba: MPWA WANGU. Alipoyaona, ndipo alipokushika bega.

Hatusemi kwamba kidonda kilifunga siku hiyo. Ulipita mwaka mzima kabla Shangazi hajakubali kula kwetu. Lakini alikuja, na baadaye akazoea kuja kila Jumapili akitoka ibadani, mkasoma pamoja, mmoja akisoma na mwingine akibisha.

"Kaka, huyu usimwandikie kwamba anatia chumvi. Hayo hata mimi yalinitokea."

"Basi na wewe unatia chumvi."

Alikurushia mto wa kiti, mtu mzima wa miaka hamsini! Mama alisema nyumba imepata watoto wawili wapya na wote hawasikii.

Macho yako yalipofifia, yeye akawa ndiye msomaji na wewe msikilizaji. Miezi michache kabla hujalazwa, aliweka kitabu magotini akakuuliza lile swali ambalo mwashi alishindwa kuuliza kwa miaka yote.

"Kaka, baada ya vitabu vyote hivi, moyo wako hausemi kitu?"

Ulikiweka kikombe cha chai chini. "Moyo unasema hawa watu si waongo," ukamjibu. "Kuna jambo walikutana nalo. Lakini mimi sijakutana nalo, na siwezi kusema nimekutana nalo ili nikufurahishe."

Machozi yalimtoka. "Basi nitaendelea kukuombea."

"Endelea," ukamwambia. "Sikuzuii tena."

Tulikuzika kwa taratibu za imani uliyozaliwa nayo, kama ulivyoagiza. Mwashi alikuja na vijana wa kanisa, wakabeba viti na maji tangu alfajiri. Jioni alimsogelea Shangazi akamuuliza kwa huruma, "Dada, huumii kwamba marehemu hakufika kwa Kristo?"

"Naumia kila siku," Shangazi akamjibu. "Lakini kwangu alifika."

Kuna jambo la mwaka huu ambalo hukulikuta, Baba, nasi tunataka ulijue. Kitinda mimba wako, fundi umeme, alituita sebuleni mwezi wa tatu. Alisema amekuwa akivisoma vitabu vyako kimya kimya tangu ulipoondoka, na kwamba ameamua kubatizwa. Miguuni pake kulikuwa na begi, nguo zimefungwa tayari.

Mama alilitazama. "Hilo begi la nini?"

"Nilidhani, Mama..."

"Ulidhani nini? Lirudishe chumbani. Na hiyo ibada inaanza saa ngapi?"

Sitaficha kwamba mimi nilikuwa na kinyongo. Nilimwambia Mama kwamba hujamaliza hata mwaka kaburini. Alinijibu, "Baba yako alipoteza miaka kumi na mmoja. Mimi sina hata mmoja wa kupoteza. Vaa twende."

Tukaenda wote. Mama hakujua wimbo hata mmoja. Alisimama waliposimama, akaketi walipoketi, mkoba wake magotini. Na mwanao alipotoka majini ameloa chapachapa, anatetemeka kwa baridi, kabla hata mchungaji hajamaliza kusema, Mama alikuwa ameshapita katikati ya watu wote, amefika mbele, anamfuta kichwa kwa taulo aliyoitoa nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mke wako. Dada yako mshona mashuka, anayesema bado anakuombea na wala hakuombi radhi kwa hilo. Wanao watatu, yaani mimi binti yako, mdogo wangu dereva wa lori, na kitinda mimba wako. Mkweo wa kike na mkweo wa kiume. Wajukuu zako watano. Jirani yako mwashi. Pamoja na walimu na wanafunzi wote waliopita mikononi mwako.

Lala salama, Baba. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.