Wembe wa Baba Uliokutana na Zipu

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zetu kabla ya neno lolote. Magoti yanaendeleaje? Ulituambia baridi ya huko inakuingia magotini bila kubisha hodi. Tunaomba iwe imeanza kuona haya. Sisi ni wazima. Mama yupo na cherehani yake, mimi na wanafunzi wangu wa fizikia, na kaka yako, kama utakavyoona, ana nguvu za kutosha kugomba.

Mkono wake wa kulia bado haujarudi sawasawa tangu kile kiharusi. Kikombe anashika, vifungo anafunga huku akivitukana, lakini wembe wake wa kinyozi, ule wa kukunja, hapana. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemnyoa kila Jumapili, karibu na dirisha, kwenye kile kiti kizito alichokuja nacho siku alipofunga duka lake la unyozi. Uliuliza kuhusu mashine ya umeme uliyomtumia. Asante sana, na usinichukie: bado imo kwenye boksi. Anasema mtu aliyenyoa kwa wembe maisha yake yote hawezi kuungurumiwa usoni kama nyasi za uwanja wa mpira.

Ukweli ni kwamba naipenda saa ile kuliko nilivyotarajia. Baba si msemaji, na mimi unanijua, maneno yangu hukaa ndani mpaka yaote ukungu. Lakini nikishika kidevu chake hunisimulia mambo. Alinieleza jinsi ulivyomnyoa nyusi moja akiwa usingizini, mlipokuwa wadogo. Mama alicheka hadi mshono ukaenda upogo. Mezani hatuambiani hayo.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita iliniumiza.

Nilimpaka povu, nikaanza shavu la kushoto kama kawaida. Wembe ukavuta. Nilidhani ngozi haijalainika, nikaendelea, na mara tone la damu likachomoza juu ya povu. Baba hakupiga kelele. Alijifuta damu mwenyewe kwa taulo.

"Basi, mwanangu," akasema. "Kazi za shule zimekuchosha. Kesho nitavuka barabara, Fasta atanimalizia."

Fasta ni yule kijana aliyefungua saluni mbele yetu. Baba hudai ananyoa watu kama mtu anayemenya viazi huku akikimbizwa. Kwa Baba kusema ataenda kwa Fasta, ujue ameshakata tamaa na mkono wangu. Niliiona ile saa yetu ikitoka mlangoni kwa miguu yake.

Niliupeleka wembe dirishani. Makali mazima ukiyaelekeza kwenye mwanga huoni kitu, kwa sababu hayana unene wa kuurudisha huo mwanga. Haya yalimetameta. Nikachukua kioo cha kukuzia ninachotumia darasani, nikaona vipengo vidogo karibu na ncha, vimepangana kwa nafasi sawa kama vimepimwa. Kutu haijipangi mstari. Wembe ulioanguka sakafuni hautoki na alama za namna hiyo. Nikageuka kumtazama Mama, na mapajani mwake kulikuwa na begi la mteja, zipu inaning'inia, meno yake yamepangana kwa nafasi ile ile.

"Mama, hiyo zipu umeifumua na nini?"

"Na wembe."

"Wembe upi?"

Akakata uzi kwa meno, taratibu. "Wangu uliisha makali, nikaazima. Kwani nini, kukata uzi tu!"

"Kuazima!" Baba aliinuka nusu, povu shavuni. "Mke wangu, mimi nimewahi kukuomba mkasi wako wa vitambaa nikatie karatasi?"

"Hujawahi kuomba. Huwa unauchukua tu."

Hapo mzee akaketi. Nami nikapata ujasiri. "Kwa hiyo haukuwa mkono wangu, Baba."

"Sijasema mkono. Nimesema uchovu." Akajifuta povu shavuni. "Lete mawe ya kunolea. Ukitengenezeka, utaninyoa. Ukiuua, namtafuta Fasta, na kesi imefungwa."

Basi wiki nzima nikitoka shule nilikaa na mawe kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na Baba kando yangu amefumba macho. Hakuangalia hata mara moja. Alikuwa anasikiliza.

"Ulaze."

"Nimeulaza."

"Mgongo umeinuka. Nausikia."

Na kweli ulikuwa umeinuka! Mgongo wa wembe na makali yake lazima viguse jiwe kwa pamoja, makali yakitangulia, kisha unageuza upande wa pili. Vikiwa sawa, sauti ni moja, nyororo, kama shuka inayokunjuliwa. Ukikosea, jiwe linakwaruza. Nilianza na jiwe la chembe kubwa, maji yakitiririka meusi vidoleni. Nilikuwa nikifikiri pengo huzibwa. Halizibwi, Shangazi. Ni chuma kizima kinachopunguzwa polepole hadi kishuke kwenye usawa wa pengo, na hapo pengo linakuwa halipo. Jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo, wala sijui linaniambia nini.

Vipengo vilipoisha nikaja kwenye jiwe laini, halafu mkanda wa ngozi wa kunolea, huko mgongo ndio unaotangulia, la sivyo unaukata mkanda vipande.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya kujaribu. Kwanza nilijinyoa mwenyewe; mkono wangu wa kushoto sasa una kipara kidogo. Kisha Mama akang'oa unywele wake, tena mweupe, akanipa. "Shika. Hiyo ndiyo fidia yangu, na sitoi mwingine." Nikauning'iniza juu ya makali. Ulikatika bila kupinda.

"Unywele hauna shavu," Baba akasema, lakini alishakaa kitini.

Nilipoanza, mkono wake mzima ulikuwa umekamata kiti mpaka vifundo vimepauka. Alikuwa anasikiliza tena. Shavu la kushoto likapita. La kulia likapita. Tulipofika chini ya kidevu akainua kichwa bila kuambiwa, na nikaona vidole vikilegea, kimoja kimoja. Hakunisimulia lolote leo. Nikadhani amekasirika, mpaka nikasikia mkoromo.

Shangazi, mtu huyu alikuwa akiwafokea wateja wanaosinzia kitini. Leo alilala huku wembe uko kooni mwake, mkononi mwangu. Nilisimama pale bila kusogea, hadi Mama akaacha kushona. Kisha nikamalizia.

Msalimie Mjomba, mumeo, na binamu zangu wote wawili. Mama anasema wifi yake asimwamini mtu anayesimulia habari za zipu upande mmoja. Mungu ayalainishe magoti yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Akupendaye bila kipimo,
binti wa kaka yako,
Bi Maswali, kama ulivyonibandika.