Kaseti ya Tonton Venant na MC Radi

Nyota weee! Nimetoka saa hii ku kumbukumbu ya marehemu tonton Venant, baba yake Modeste. Nakufa na haya ya mutu mwingine.

Maman Emérence alichunga miaka yote ile kaseti ya hotuba ya bwana yake ku ndoa ya binti yao Georgette. Leo akaomba tuisikilize. Modeste wetu, profesa mwenye kravati, akafinya bouton ya radio yeye mwenyewe.

Ikatoka sauti ya kijana: "Niko MC Radi wa Kadutu! Maadui mutetemeke!"

Mbele ya PADRI, Nyota.

Kumbe mwaka wa 1992, wakati wa Zaïre, bwana profesa ndiye alikuwa MC Radi, na alikuwa na studio. Studio! Matela ya kulalia ku dirisha kuzuia makelele, radiokaseti mbili ku kitanda: moja inapiga muziki, ingine inarekodi muziki pamoja na sauti yake. Ndio mixage hiyo. Kaseti mupya ikakosa, akakamata ile ya hotuba, akaziba na karatasi vile vitundu tonton aliacha alipovunja vimeno vya kaseti makusudi ili hotuba isifutwe. Akili mingi sana.

"Modeste, ulifuta baba yako?" maman akauliza.

Profesa akaangalia viatu. Radi akaendelea kutisha maadui.

Halafu, mule ndani ya kaseti, mulango ukagongwa: "Modeste! Zima ile makelele, mama yako iko nalala!"

Tonton mwenyewe.

Maman akapanguza macho. "Rudisha."

Modeste amerudisha mara saba. Na kila mara, ili tufike kwa tonton, lazima tupite kwanza kwa MC Radi.