Faini ya Alhamisi

Mtoni, Jumatatu 25 Agosti 2025

Mdogo wangu Hamida,

Salamu zikufikie huko Mwananyamala. Kifua cha mtoto vipi? Mie magoti yananikumbusha umri, mengine namshukuru Mungu. Nimeona niandike ujumbe, nikipiga simu nitapayuka, majirani wafaidi.

Leo madalali wamekuja kukamata gari langu, lile kirikuu la kubebea masufuria ya shughuli. Eti Alhamisi, tarehe saba, liliegeshwa barabarani Mwananyamala kutwa bila kulipiwa ushuru wa maegesho, deni limezaa faini. Nimewalilia wakanipa hadi Ijumaa. Jumamosi nina harusi. Pilau nitalibeba kichwani?

Sasa mke mwenzangu, Alhamisi ni zamu yangu. Mume wetu Mbwana alichukua gari asubuhi akaniaga anakwenda mazikoni Mkuranga. Jioni akapiga simu kuwa analala hukohuko. Mkuranga imehamia kwenu lini?

Dada yako,
Somoe

Mwananyamala, 26 Agosti

Dada Somoe,

Shikamoo. Mtoto hajambo, kifua kimefunguka. Magoti yapake mafuta ya karafuu.

Hao madalali waongo. Wallahi gari halikukaa barabarani hata dakika moja. Huyo wa ushuru aliliona likikata kona tu, akaandika kutwa. Usilipe hata senti, dada. Kata rufaa.

Mdogo wako,
Hamida

Mtoni, 26 Agosti, jioni

Hamida,

Marahaba. Karafuu nimepaka, nanukia kama pilau lenyewe.

Mie mpishi, si mwanasheria, ila nimekusoma. Umeapia barabara. Uani hujaapia.

Ofisi ya maegesho wanasema hivi: kama gari lilikuwa ndani ya uzio wa mtu, mwenye nyumba aandike, mwenyekiti wa mtaa apige muhuri, faini ifutwe. Ukiandika, gari linapona, na mie nitakuwa nimethibitishiwa kwa muhuri kwamba niliachwa. Usipoandika, gari linakwenda, nabaki na matumaini yangu. Bibi mwenye wajukuu, naona wivu mpaka sijui niombe lipi.

Lakini masufuria hayana miguu. Andika.

Dada yako,
Somoe

Mwananyamala, Alhamisi 28 Agosti

Dada,

Shikamoo. Ushahidi nimempa bodaboda, utaupata kabla ya adhuhuri. Mwenyekiti kausoma kwa sauti, ofisi nzima ikasikia, kisha akasema: "Kumbe Mbwana zamu anazichanganya!" Nimetoka mtandio usoni.

Ndiyo, lilikuwa uani kwangu, geti nililitia kufuli. Nilimpigia asubuhi ile nikasema mtoto kazidiwa. Hakuwa amezidiwa. Siku zangu anakujaga kashiba, anakaa mezani kwangu anasema, "Mchuzi wa Somoe bwana, unakaa mdomoni." Nikataka siku moja isiyo yangu, nione kama atanichagua.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Hamida

Mtoni, Jumatatu 1 Septemba

Mdogo wangu,

U mzima? Mie mzima, nina hasira tu, nazo hazina dawa dukani.

Faini imefutwa, madalali hawana tena neno. Karani kaniuliza, "Mama, huyu Hamida ni nani wako?" Nikamjibu, shahidi. Harusi imeisha salama, ila sufuria moja liliungua. Mpishi alikuwa anawaza mambo ya watu.

Kumbe unaonea wivu mchuzi! Kwangu nako anakuja anasema, "Hamida ananisikiliza." Mie namsikiliza miaka ishirini na sita, shosti, hana jipya.

Nimemwambia: zamu ni zako, gari ni langu. Funguo nalala nazo. Kwa Hamida utakwenda na bajaji.

Dada yako,
Somoe

Mwananyamala, Jumanne 2 Septemba

Dada, shikamoo.

Leo siku yangu. Giza limeingia, hajaja. Nimempigia, anasema hana usafiri, eti bajaji zinamtia kizunguzungu. Umeshinda.

Hamida

Mtoni, Jumanne, usiku

Mdogo wangu,

Marahaba. Alikuwa kajilaza kwenye kochi langu anaangalia mpira, na mie, Mungu anisamehe, nilishamwongeza chai ya pili na maandazi. Nilikuwa najiona msichana.

Kisha ujumbe wako ukaingia. Nimezima televisheni, nimemvalisha viatu, nimemsukumia kwenye bajaji na kizunguzungu chake. Yuko njiani.

Alhamisi ile, kabla hajapiga simu, nilipasha wali moto mara mbili. Wewe wako acha jikoni hivyo hivyo. Akifika akiukuta wa baridi, ale wa baridi.

Dada yako,
Somoe