Mtu wa Kushika Ncha ya Bomba

6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Niliona umepiga simu, lakini masikio haya yaliyoharibiwa na grinda hayasikii kitu kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Nimepata kazi. Dereva mmoja, wenzake humwita Kona kwa sababu ndiko anakopindukia, anataka kizimba cha mabomba ndani ya gari lake la mashindano ya porini, kimlinde likibiringika. Ni kazi kubwa ya kwanza tangu tumzike mama yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Mimi navuta mkono wa mashine ya kukunjia, mama yako ameshika ncha ya bomba, jicho kwenye kielelezo alichokikata kutoka kwenye boksi. Likilingana nacho, anasema, "Basi."

Jana nilivuta. Nikavuta tena. Bomba likakunjika kama goti la mbuzi, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuniambia. Kona alipokuja akalitazama, akauliza, "Mzee, hili ni la gari langu au la kiti cha kubembea?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikakaa chini sakafuni.

Umeniomba mara nyingi nije kuishi kwako. Basi tukubaliane. Nikishindwa kizimba hiki, nafunga karakana nakuja. Nikiweza, nabaki hapa na hutanisumbua tena.

Ni mimi, baba yako

15 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Je, unakula? Si chai tu, kula.

Pole kwa lile bomba. Mwite yule jirani seremala akushikie. Mimi likizo nimeomba, nimenyimwa. Chumba chako nimekipaka rangi, dirisha lake linapata jua la asubuhi.

Sasa nitasema kitu kibaya, unisamehe. Naomba ushindwe.

Binti yako

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakula.

Ombi lako sijalipenda, ila limenichekesha.

Seremala alikuja. Mtu mwema, lakini "basi" yake ilikuwa kama ya kondakta anayesimamisha basi lililojaa. Nikamwambia mgongo unaniuma, aende nyumbani. Hakukosea kitu, maskini.

Nimejitengenezea stendi ya chuma. Inashika ncha ya bomba, na juu yake nimefunga pimamaji. Navuta, nakwenda kutazama, narudi, navuta kidogo. Ni kazi ya kutembea zaidi kuliko kukunja. Vipande viwili vimetoka vizuri.

Leo nimekuta glavu za mama yako. Ndani bado mna soksi zangu kuukuu, kwa sababu glavu zilimpwaya na yeye hakutaka ninunue nyingine. Nimeziacha palepale.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mwezi mzima kimya. Kama umekasirika kwa nilichokiomba, kasirika, lakini kwa maandishi. Nikirudi kutoka kazini hutazama kama kuna barua chini ya mlango kabla hata sijavua viatu.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na usiwe na wasiwasi. Sikukasirika. Sikuwa na la kuandika isipokuwa mabomba.

Kizimba kimeisha. Tulipokiingiza garini, miguu yote minne ilikaa sakafuni bila kuchezacheza, hata karatasi isingepita chini yake. Kona akakipiga ngumi, akasema, "Mzee, sasa naweza kupinduka kwa raha zangu." Akaondoka akipiga honi mpaka mwisho wa mtaa.

Nikafunga geti. Nikageuka nimwonyeshe mtu mahali nilipounganisha bomba la nyuma, pale ambapo huwezi kuona kovu la kuchomelea. Nikaiona stendi.

Haikosei, mwanangu. Inashika vizuri kuliko mama yako alivyoshika, kwa kuwa yeye alikuwa akichoka na kuhamisha mguu. Lakini tangu niitengeneze, kuna siku zimepita hadi jioni na sijasikia hata sauti yangu mwenyewe.

Nimeweza. Nilisema nikiweza nitabaki. Sasa nakuuliza kwa aibu kidogo: kile chumba bado unacho?

Baba yako

29 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Chumba ninacho.

Njoo na mashine. Mwenye nyumba amekubali uiweke uani, mradi usipige kelele wakati mtoto wake amelala. Stendi ukitaka ije, ije.

Kazini nazungumza na watu kutwa nzima, nikifika hapa sina wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na msiba wako. Na mimi nilikuwa na huohuo.

Ukifika usipige hodi. Mlango nitauacha wazi tangu asubuhi, nami nitakuwa nimekaa karibu yake.

Binti yako