Tamthilia ya Saa Moja Jioni

Kibaigwa,
Jumapili.

Kaka yangu Luka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimekuachia. Sisi hapa tunapumua. Namba yako haipatikani, ndiyo maana nimempa barua hii Joel, dereva wa lori anayepakia mahindi hapa sokoni. Anasema alikuona Tunduma na kwamba umenenepa. La kunenepa nimekataa kuliamini.

Mwaka huu ni mgumu, kaka, siwezi kukupambia. Mvua ilikata Februari mahindi yakiwa yanachanua, tukabaki na mabua. Ninashona magunia ya watu sokoni, ndiyo tunakula. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga tu. Tunasubiri madaktari wa kambi ya macho, walisema watakuja Mei.

Sasa nikuambie jambo ucheke. Mama amekuwa mtu wa tamthilia! Ile televisheni tuliyonunua mwaka wa alizeti nyingi, kila saa moja jioni inaonyesha familia moja ya nchi ya baridi inayooka mikate, sauti zimetiwa Kiswahili. Hakuna anayeuawa, hakuna anayewekewa sumu. Mtu akikosa anaomba radhi, jirani akiugua anapelekewa supu. Mwanzoni niliibeza, nikamwambia mama watu wa hivyo hawapo. Akanijibu kwamba wabaya anawajua wa kutosha, hana haja ya kuonyeshwa wengine. Taarifa ya habari ikianza saa mbili, ananiambia nizime.

Kiswahili cha haraka kinampita, unamjua, kwa hiyo nakaa kando yake namtafsiria kwa Kigogo. Paulina wa nyumba ya pili naye huja, na siku hizi akipika mlenda lazima atuletee bakuli. Nadhani anawaiga wale wa mikate. Hata mimi, nikitoka sokoni mgongo unauma, najikuta natembea haraka nisichelewe. Shida haziishi, kaka. Ila ukikaa kidogo na watu wanaotakiana mema, usingizi unakuja vizuri, na kesho yake unamjibu mteja kwa upole.

Kuna jambo lazima nikiri kwako. Katika hadithi hiyo yumo mama mmoja aliyemfukuza mwanawe kwa sababu hakuja kumzika baba yake. Nilipata shida kuitafsiri sehemu hiyo. Unajua mama alivyosema mbele ya kaburi la baba, kwamba usikanyage tena uani kwake, na unajua kwetu neno la mzazi lililotamkwa kaburini haliondolewi na mwingine ila yeye. Miaka minne sijathubutu kutaja jina lako ndani ya nyumba hii, na nimekukumbuka mpaka nimeumia.

Wiki iliyopita yule kijana wa tamthilia alirudi, akapiga hodi mvua ikimnyeshea. Paulina alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, tulikuwa wawili tu. Yule mama alisimama nyuma ya mlango analia, asifungue. Kijana akasubiri, akageuka, akaenda zake. Mama yetu akaniuliza yule mama amefanyaje. Nikamwambia amefungua.

Nilidanganya, kaka, tena nikaongeza kwamba alimkumbatia. Usiku ule mama hakugusa hata chakula. Asubuhi aliniagiza maji kwenye kibuyu, akaenda nyuma ya nyumba akipapasa ukuta mpaka kaburini. Akatia maji kinywani, akayatema juu ya kaburi, akasema mbele ya baba kwamba ameliondoa neno lake. Aliporudi akaniambia nikutafute.

Sijamwambia ukweli, na ninaogopa Paulina asije akasikia kwa wengine, akamsimulia bila kujua. Kama unaona nimekosa, njoo unigombeze hapahapa nyumbani.

Paulina anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu, na safari hii amekutaja kwa jina. Kila jioni ananiuliza yule kijana alipoingia ndani alimwambia nini mama yake. Mimi namjibu kwamba sehemu hiyo bado haijaonyeshwa.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda