Ngozi ya Mondo Isitoke Ukutani

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla sijasema langu naomba kujua goti lako la kushoto linasemaje msimu huu wa mvua. Bado unapanda kule juu kwenye mihogo, au umekubali kumwachia Kaka? Na Mama, kile kikohozi kimemtoka? Sisi huku ni wazima. Furaha, mjukuu wako, ameingia darasa la pili kwa masista na anaandika jina lake mpaka kwenye kuta za jikoni. Baridi ya Bukavu ndiyo ileile, asubuhi ukungu unafunika ziwa na nguo hazikauki. Lakini afya ipo, tunamshukuru Mungu.

Sasa Baba, kaa vizuri. Na wewe Katekista unayemsomea, nakuomba usome kila neno. Usiruke, wala usipunguze ukali kwa ajili ya adabu. Nina hasira na nataka baba yangu aisikie.

Mume wangu, Papa Furaha, amenituma nikuombe ile ngozi ya mondo iliyo ukutani kwako, juu ya kitanda. Anataka kumpa mkuu wake wa kazi ashonewe kofia. Jana alikaa hapa mezani akanitajia maneno ya kuandika, mistari sita yenye heshima nyingi na uongo mwingi. Niliandika. Asubuhi hii nimewashia makaa ya mbabula kwa barua ileile, na chai ikachemka vizuri sana. Hii unayosomewa ni yangu mwenyewe, inakuja kwa mkono wa mama muuza samaki anayeshuka kesho Uvira kupanda meli. Nitakueleza yote tangu mwanzo, nawe utajua la kufanya.

Ilianza na kuku. Nyumba yetu iko mwisho wa mji, pale barabara inapoteremka kuelekea Nyangezi, na nyuma yetu kuna bonde la matete lenye kijito. Kuku wangu wanne walipotea mmoja mmoja. Papa Furaha akasema ni wezi, akataka kuita askari. Mimi nikashuka kijitoni kutazama tope. Unajua nilichokiona: alama za mviringo, hazina kucha, kubwa kuliko za paka wa nyumbani na ndogo kuliko za chui. Mbele kidogo kulikuwa na mavi yaliyojaa manyoya ya panya. Nilicheka peke yangu pale kijitoni, Baba. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa kwetu Moba sokoni.

Nilipomwambia mume wangu, alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa.

“Mondo? Hapa mujini? Weye Mama Furaha, uache ile mambo ya kwenu.”

Nikaenda kwa jirani yetu, Muzee Birindwa, ambaye bado ana mkuki wa baba yake. Yeye hakucheka. Kesho yake jua likichomoza tuliketi bondeni, mimi nikiegemea kichuguu ili umbo langu lisionekane, upepo ukinipiga usoni kama ulivyonifundisha. Nikaweka midomo nyuma ya kiganja nikavuta ile sauti ya panya aliyebanwa. Mara moja, fupi. Nikanyamaza kwa muda wa sala mbili za Baba Yetu. Nikaita tena, chini zaidi, kama panya anayekata roho. Kwale wakaruka upande wa kushoto. Halafu nikaona masikio, Baba, yale masikio makubwa yenye alama nyeupe kwa nyuma, yanageuka geuka juu ya majani, na baadaye ile miguu mirefu. Alikuwa dume. Sikukohoa, basi Muzee Birindwa akatupa mkuki.

Nilimweleza yule mzee desturi yetu kabla hatujaketi, na aliielewa upesi kuliko wasomi nitakaokutajia. Nilimwambia: kwetu anayeita ndiye mwenye neno. Akikohoa, silaha zinashushwa, hata kama mnyama amesimama hatua tatu. Wewe ulinipa sababu nikiwa bado msichana mdogo. Ulisema sisi ndio tumemdanganya kwa kilio, basi ni sisi tunaoamua, siyo mwenye mkuki. Papa Furaha naye alikuwepo nilipoeleza, akisikiliza, na nyama ya mondo yule alikula sahani mbili.

Ngozi nilimwachia yeye aikaushe. Hapo ndipo nilipokosea. Aliibeba mbichi mpaka ofisini kwao Ibanda kuwaonyesha wenzake! Unajua siku hizi kila mkubwa anayevaa koti la abacost lisilo na tai anataka na kofia ya ngozi yenye madoa, kama wakubwa wa Kinshasa. Chui ni shida kumpata, lakini mondo naye ana madoa, na mtu akisimama mbali hakuna atakayeuliza. Direkta wao akaiona, macho yakamtoka. Akauliza nani amemkamata. Na mume wangu, yule anayeogopa mbuzi wenye pembe, akajibu:

“Ni miye, Citoyen Directeur. Minaita na mudomo, inakuya yenyewe.”

Akarudi nyumbani kifua mbele. Akaitandaza ngozi juu ya mabati, kwenye jua la saa sita, bila majivu, bila chochote. Nilikuwa sokoni. Niliporudi ilikuwa imepikika, na kwa siku tatu manyoya yakawa yanatoka kwa viganja. Direkta akasema si kitu, tutaenda kuwinda pamoja, wewe utaita na mimi nitapiga. Hapo ndipo mume wangu alipokuja kuketi karibu nami, sauti laini kama asali.

“Mama Furaha, kazi ya chef de bureau, mukubwa wa ofisi, iko wazi. Weye utajificha mu majani, utaita. Mi nitaweka tu mukono ku mudomo.”

“Na juu ya nini usimwambie ni bibi yako anaita?”

“Banamuke habaendake kuwinda! Bataniona namna gani?”

Nilikubali, Baba. Nakiri kwako kwamba nilikubali. Nilifikiri ni mara moja, apate kazi yake tutulie. Jumamosi moja baada ya kazi ya lazima ya salongo tukapanda gari la ofisi mpaka kwenye mabwawa ya karibu na Nyangezi. Direkta aliambiwa nimekuja kupika. Mimi ndiye niliyetafuta alama na kuchagua mahali, na kila nilichomnong'oneza mume wangu alikitangaza kwa sauti kama mwalimu. Kisha akaketi mbele, mkono mdomoni, mashavu yakivimba bure, na mimi nyuma yake ndani ya majani, nimelala kwenye maji, naita. Mondo akaja. Direkta akapiga bunduki mapema mno akajeruhi kichuguu. Akalaumu risasi. Lakini akamkumbatia mume wangu akamwambia yeye ni mtu wa kweli, mtu wa authenticité anayeshika mila, hakupotezwa na shule.

Maji yale ya baridi ningeyasahau. Kilichonipandisha damu ni maneno niliyoyasikia tukirudi, mimi nimekaa nyuma na masufuria. Direkta alimuuliza nani alimfundisha. Papa Furaha akajibu bila kupepesa macho: “Ni papa yangu. Alikuwa muwindaji mukubwa.” Baba yake! Fundi cherehani wa Kadutu, Mungu amlaze pema, mtu mpole aliyeshona suruali maisha yake yote na hakuwahi kuita hata paka wa nyumbani! Maneno yako yote, ya upepo, ya kunyamaza, ya masikio, akayaweka mdomoni mwa marehemu. Nilitamani kumpiga na sufuria kisogoni. Nikayashika masufuria yangu mpaka tukafika nyumbani.

Jumamosi ya wiki iliyopita Direkta akataka tena, na safari hii alileta wageni wawili wenye bunduki zao. Nililala majini kama kawaida yangu mpya. Nikaita mara tatu. Akatokea kwenye ukingo wa matete, polepole, akasimama wazi kabisa akitazama upande wetu. Alikuwa jike. Tumbo chini lilikuwa limenyonywa, Baba, chuchu zimelegea na manyoya yake pale yamelowa. Watoto walikuwa karibu, pengine nyuma yake hatua chache.

Nikakohoa.

Hakuna aliyegeuka. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Wale wageni sikuwalaumu, hawakuambiwa lolote. Lakini mume wangu alijua. Niliona mabega yake yakishtuka. Alijua maana yake, alikuwa amekula nyama kwa desturi hiyo, na alibaki na mkono mdomoni, mashavu yamevimba, akisubiri mlio wa bunduki.

Basi nikasimama. Nikasimama kati yao na yule mnyama, kitenge kikichuruzika matope, nikapiga makofi. Mondo akaruka mara moja akazama kwenye matete.

Direkta alipiga kelele mpaka ndege wakahama. “Huyu mupishi iko na wazimu? Citoyen, uite tena! Uite mbio!”

Papa Furaha akaita, Baba. Yaani alivuta pumzi kwenye kiganja na ikatoka sauti ya mtu anayepuliza uji. Akajaribu tena. Mgeni mmoja akasema labda mdomo umekauka, akampa maji. Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale. Nikaweka midomo nyuma ya kiganja changu, mbele yao wote mchana kweupe, nikaita ile sauti ya panya, safi, kama unayoijua. Wote watatu wakageuka wakamtazama mume wangu, na mkono wake ulikuwa bado uko mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakakusanya bunduki zao, tukarudi mjini.

Sasa mimi ndiye mwenye makosa. Direkta hasemi kwamba alidanganywa na mwanaume mwenye kalamu mfukoni, anasema mwanamke aliharibu uwindaji mbele ya wageni. Papa Furaha hasemi kwamba aliiba jina lako, anasema nimemvua nguo hadharani. Nilimuuliza, “Na miye ulinivalisha nini, pale mu mayi?” Si mtu mbaya, Baba, hajawahi kuninyanyulia mkono na anampenda Furaha. Lakini siku hizi nane anaingia na kutoka kama mpangaji. Halafu juzi Direkta akamwita akamwambia: leta ngozi moja nzuri, tutasahau, na ile kazi tutaizungumza. Na mume wangu akakumbuka ukuta wako.

Alikumbuka kwa sababu mimi mwenyewe nilimsimulia tulipokuwa wachumba. Nilimsimulia siku ile ya mondo wangu wa kwanza, jinsi Baba Mkubwa alivyosema mtoto wa kike hawezi kuita, kwamba ni wewe uliyeita na unanipa sifa za bure. Nawe ukaipigilia ngozi ukutani, na kila mgeni aliyeingia, awe padri au muuza chumvi, ukamwambia: “Huyu aliitwa na binti yangu.” Miaka yote hii umesema hivyo. Hapa Bukavu nimelala kwenye matope mara mbili na hakuna mdomo mmoja uliosema aliitwa na mimi. Ni pale tu, kwenye ukuta wako, ndipo jambo hili ni kweli. Na hilo ndilo wanalotaka kulikata na kulishona kuwa kofia, likae juu ya kichwa cha mtu aliyepiga kichuguu!

Basi nimetimiza alichonituma: nimekuomba. Na mimi mwenyewe sasa nakuomba: usiitume. Kazi ile akiikosa tutaendelea kula sombe ya majani ya mihogo na maharage kama tulivyozoea. Atakasirika, na mimi nitavumilia, mradi nijue iko pale.

Nisalimie Mama, umwambie kitenge alichonipa hakikutoboka, kilichafuka tu. Nisalimie Kaka anayekulimia mihogo, na Shangazi mfinyanzi, naomba aniwekee chungu kimoja. Msalimie pia Baba Mkubwa, usimfiche hata neno moja la barua hii. Na wewe Katekista, asante kwa macho yako. Kama umeruka mahali, rudi usome.

Neno moja limebaki, Baba. Papa Furaha anasema usipojibu atapanda meli aje kuichukua mwenyewe. Akija, mpokee vizuri kama mkwe, mpe maji ya kuoga, mchinjie jogoo. Asubuhi mpeleke kule juu kwenye majani marefu, mketishe penye kichuguu chetu, upepo umpige usoni, umwambie aite. Akija mnyama yeyote, hata kuku wa Shangazi, mfungie ngozi aondoke nayo.

Ni mimi binti yako niliyemwita,

Feza